Mkono ulifika wapi? Kuvielewa vyombo vya udongo vya sherehe za wafalme

Kuna kombe la udongo lililotengenezwa London mwaka 1600. Ukingoni limezungushiwa maneno yenye vina, kwa Kiingereza cha zama hizo, ambayo kwa lugha yetu ni haya: waridi ni jekundu, majani ni mabichi, Mungu amlinde Elizabeth malkia wetu. Katikati yamechorwa majengo na minara. Kombe hilo lipo hadi leo katika makumbusho ya jiji hilo, nalo ni miongoni mwa vyombo vya zamani kabisa vya Uingereza vya aina yake vilivyoandikwa mwaka. Malkia hakuliagiza wala hakula ndani yake. Lilichorwa na fundi, likauzwa kwa mtu aliyetaka kuonyesha kwamba anampenda malkia wake.

Nasema kombe kwa maana yake ya asili. Siku hizi ukilitaja neno hilo watu wanafikiria mpira, lakini kombe ni sahani kubwa, tena pwani inajua kwamba sahani si ya chakula tu. Kuna kombe la kuandikiwa aya kwa zafarani, likaoshwa, mgonjwa akanywa yale maji. Kuna sahani za Kichina zilizopangwa ndani ya zidaka katika nyumba za mawe za Lamu, na bakuli zilizopachikwa kwenye makaburi ya nguzo ya Kunduchi na Mambrui. Kwa hiyo msomaji wa kwetu hahitaji kufundishwa kwamba chombo kinaweza kutundikwa, kutazamwa na kusema jambo. Linalotatiza ni mengine. Mtu akikutana leo na sahani yenye sura ya mfalme, tarehe ya sherehe na maneno "imechorwa kwa mkono", anashindwa kujua ananunua nini. Ilitengenezwa kwa ajili ya mfalme, au inamhusu mfalme tu? Mkono unaotajwa ulifanya nini hasa? Na hiyo tarehe, je, ni ya kuaminiwa?

Tuanze na mfalme. Vyombo ambavyo jumba la kifalme liliviagiza lenyewe kwa kawaida havina sura ya mfalme. Mwanzoni mwa miaka ya 1760 Mfalme George III na Malkia Charlotte waliagiza kwenye kiwanda cha Chelsea seti kubwa ya mezani kama zawadi kwa kaka yake malkia, aliyekuwa mtawala wa Mecklenburg-Strelitz huko Ujerumani. Seti hiyo imejaa ndege, maua, buluu nzito na dhahabu. Hakuna uso wa George, na hakuna "Mungu mlinde Mfalme", kwa maana mwenye jumba hana haja ya kujikumbusha kwamba yeye ni mfalme. Sura, herufi za jina na dua vinapatikana kwenye vyombo vilivyouzwa kwa wananchi. Vingi mno vilikuwa biashara ya mafundi wenyewe: walisikia kwamba kuna sherehe inakuja, wakawasha tanuri. Chombo chenye taji kilichopita mikononi mwa mfalme ni nadra kuliko watu wanavyodhani.

Sasa mkono. Hapa ndipo utamu ulipo, na ndipo panapodanganya zaidi.

Kombe la 1600, na mengine ya karne iliyofuata, yanatokana na ufundi ulioletwa Uingereza na wafinyanzi kutoka Antwerp katika miaka ya 1560 na 1570. Udongo unafinyangwa, unachomwa mara ya kwanza, kisha unachovywa kwenye glezi, yaani uji wa kioo cha risasi uliochanganywa na oksidi ya bati ili uwe mweupe usiopenya mwanga. Uji huo ukikauka unakuwa unga mwembamba juu ya chombo. Fundi anachora juu ya unga huo kabla ya moto. Fikiria kuandika kwa wino kwenye ukuta uliopakwa chokaa jana. Ukigusisha brashi tu, rangi inanywewa. Huwezi kufuta, huwezi kurudia, na ukisitasita panatokea doa. Kisha chombo kinarudi tanurini kwenye joto la karibu nyuzi 1,000 za Selsiasi, na mchoro unazama ndani ya kioo moja kwa moja. Rangi zinazostahimili moto huo ni chache: buluu ya kobalti, zambarau ya manganizi, kijani cha shaba, njano ya antimoni, na rangi ya chungwa iliyoiva inayotokana na chuma.

Ajabu kubwa ni kwamba mchoraji haoni anachokichora kikiwa katika rangi yake. Huko Delft, Uholanzi, kiwanda cha De Porceleyne Fles kilichoanzishwa mwaka 1653 bado kinachora hivyo, na kimetengeneza vyombo vingi vya kuadhimisha matukio ya familia ya kifalme ya nchi hiyo. Mchoraji anatwaa karatasi iliyotobolewa vitundu kama vya sindano kufuata mchoro, anaiweka juu ya sahani na kuipapasa kwa vumbi la mkaa. Akiiondoa, inabaki nyayo ya nukta nyeusi. Anaifuata kwa brashi yenye rangi ambayo nayo ni nyeusi kama wino. Tofauti ya buluu iliyokoza na buluu ya mbingu iko kwenye kiasi cha maji aliyochanganya, na yeye anaikadiria kwa uzoefu. Moto ndio unaoteketeza mkaa na kuigeuza nyeusi kuwa buluu. Je, hiyo karatasi yenye vitundu inaharibu sifa ya "kwa mkono"? Kwa maoni yangu, hapana. Karatasi inaonyesha njia tu, na hakuna mstari wa brashi unaofanana na mwingine.

Hiyo Delft nayo ilikuwa ikiiga kauri ya China. Nashindwa kupita hapa bila kulisema hili: neno la Kiitaliano lililozaa jina la kauri katika lugha nyingi za Ulaya, porcellana, lilikuwa jina la simbi. Watu wa huko waliona vyombo vya Kichina vinang'aa kama ganda la simbi wakavipa jina lake. Na sisi Waswahili, neno letu kauri ni simbi na ni chombo vilevile.

Turudi kwa wafalme. Uingereza ilikaa miaka 11 bila mfalme, na Charles II aliporudi mwaka 1660 na kuvishwa taji tarehe 23 Aprili 1661, wafinyanzi wa London walipata kazi kwelikweli. Makombe na vikombe vilitoka na sura yake: nywele ndefu, joho, fimbo ya enzi. Makombe mengi ya miaka hiyo na iliyofuata yana mistari mifupi ya buluu iliyolala upande kuzunguka ukingo wote, brashi ikipigwa harakaharaka, na wakusanyaji wanayatambua kwa mistari hiyo. Ila ukiyapanga kwa safu utashangaa. Charles II, ndugu yake James II, William III, wote wanakaribia kufanana. Mafundi hawakuwahi kuwaona. Walitazama picha zilizochapwa kwenye karatasi, ambazo zenyewe zilinakiliwa kutoka picha nyingine, na fundi akishauzoea uso mmoja mkono wake unaujua. Anayesema huyu ni nani ni herufi zilizo juu ya mabega: CR ni Charles (R ni Rex au Regina, yaani mfalme au malkia kwa Kilatini), WMR ni William na Mary waliovishwa taji pamoja tarehe 11 Aprili 1689, AR ni Anne. Kwa hiyo anayetaka kujua sahani ya zama hizo ni ya nani asiutazame uso kwanza. Asome herufi.

Wakati huohuo huko Staffordshire, mbali na mji mkuu, Thomas Toft na wenzake walikuwa na njia nyingine. Hawakutumia brashi. Waliyeyusha udongo mpaka ukawa uji mzito, wakautia kwenye chombo chenye unyoya wa ndege kama mrija, wakachora kwa kuumimina, kama mtu anavyopamba keki kwa sukari. Kombe lao mashuhuri linamwonyesha Charles akichungulia katikati ya majani ya mti wa mwaloni, kwa sababu aliposhindwa vitani Worcester mwaka 1651 alijificha juu ya mwaloni huko Boscobel huku askari wakimsaka chini. Taji lake ni kubwa, macho yanakutazama, na pembeni amewekewa simba na farasi mwenye pembe moja. Fundi akaandika jina lake ukingoni kwa herufi kubwa, THOMAS TOFT, karibu na mfalme kabisa. Sijaona chombo cha kifalme chenye furaha kama kile.

Usidhani lakini kwamba sahani hizi zilikuwa mapambo tu. Uholanzi ya miaka ya 1780 ilipasuka kati ya wafuasi wa nasaba iliyoongoza nchi, ya Orange, jina ambalo pia ni neno la rangi ya chungwa, na Wazalendo waliotaka kuipunguzia madaraka. Ilifika mahali ambapo kuvaa rangi ya chungwa hadharani kulipigwa marufuku, mpaka jeshi la Prussia lilipoingia mwaka 1787 na kumrudishia William V, mkuu wa nasaba hiyo, nafasi yake. Katika hali hiyo, sahani yenye sura ya William na mkewe Wilhelmina, pembeni yake mchungwa wenye matunda, ilikuwa tamko. Aliyeitundika alikuwa amewaambia wageni wake yuko upande gani kabla hajafungua kinywa. Na vyombo hivyo vinaleta fumbo zuri: nyingi zilifinyangwa Uingereza, zikasafirishwa zikiwa nyeupe tupu za rangi ya malai, ndipo wachoraji wa Uholanzi wakazichora kwa enameli na kuzichoma tena. Alama ya chini inaweza kusema Leeds huku mchoro wote ni wa Kiholanzi. Ukiulizwa ni chombo cha wapi, jibu la kweli ni pote pawili.

Uchoraji huo wa enameli, juu ya glezi iliyokwisha kuiva, ndiyo njia ya pili kubwa. Moto wake ni mdogo, kati ya nyuzi 700 na 850 hivi, kwa hiyo unaruhusu waridi, nyekundu, hata dhahabu. Fundi akikosea anapangusa na kuanza upya. Ubaya wake ni kwamba rangi inakaa juu juu, na miaka ya kuoshwa inailamba. Pitisha kidole taratibu: enameli utaihisi imeinuka kidogo, ilhali mchoro ulio chini ya kioo ni laini kama maji.

Halafu ikaja karatasi. Mwaka 1756 John Sadler na Guy Green wa Liverpool waliapa mbele ya wakili kwamba ndani ya saa sita, bila msaidizi, walichapa picha kwenye vigae zaidi ya 1,200. Mchongaji anachonga picha kwenye bamba la shaba, inapakwa wino wa rangi ya kauri, inachapwa kwenye karatasi laini, na karatasi ikiwa bado mbichi inabandikwa kwenye chombo. Kuanzia hapo vyombo vya kifalme vikawa vya kila mtu. Malkia Victoria alipotawazwa tarehe 28 Juni 1838 vilitoka kwa kiasi, na hadi jubilei zake za 1887 na 1897 vilikuwa vimefurika nchi nzima.

Ila mkono haukuondoka, na hapo ndipo neno "kuchorwa kwa mkono" lilipoanza kunyumbulika. Vyombo vingi mno vya karne ya 19 na ya 20 vina mistari iliyochapwa na rangi zilizojazwa kwa brashi, kama mtoto anavyopaka rangi kitabu cha picha. Vingine vimechapwa kila kitu, mkono umezungusha uzi wa dhahabu ukingoni basi. Vingine ni stika iliyobandikwa tangu mwanzo hadi mwisho. Vyote hivyo unaweza kuuziwa kwa maneno yaleyale. Muuzaji hasemi uongo hasa, lakini mnunuzi anaelewa kitu kingine. Ukiwa na kioo cha kukuzia mambo yanajifunua. Brashi inaacha mstari unaoanza mnene na kumalizikia mwembamba. Stika na chapa za kisasa zinavunjika kuwa vinukta. Bamba la shaba linaonyesha vistari vidogo vilivyopishana. Rangi ikivuka mpaka wa mstari, jua kuna mtu aliyejaza, na mara nyingi alikuwa na haraka.

Mtu huyo, katika miji ya ufinyanzi ya Stoke-on-Trent, kwa kawaida alikuwa mwanamke. Mabinti walianza kazi wangali wadogo sana, wakikaa mezani kwa safu, mmoja akiweka jani, mwenzake ua, mwingine uzi wa ukingoni huku chombo kikizunguka kwenye gurudumu. Walilipwa kwa idadi ya vyombo, kwa hiyo kila mmoja aliacha alama yake chini: nukta, herufi, kimstari. Hivyo vialama havikuwa saini za fahari, vilikuwa hesabu ya mshahara. Vitabu vya wakusanyaji vinaandika jina la mfalme, la kiwanda na la mbunifu, mara chache la binti. Mimi nikikishika chombo cha namna hii nakigeuza kwanza, nitafute alama yake.

Chini huko kuna msaada mwingine. Neno "England" lilianza kuwekwa kwa wingi mwaka 1891, kwa sababu sheria ya forodha ya Marekani ilidai bidhaa za nje zionyeshe nchi zilikotoka. "Made in England" kwa kawaida ni ya karne ya 20. Kikombe kinachojigamba kuwa cha kutawazwa kwa Victoria mwaka 1838, chini kimeandikwa maneno hayo, kimezaliwa baadaye sana.

Na tarehe? Chombo cha sherehe hakimsubiri mfalme. Udongo unataka kukauka, kuchomwa, kuchorwa, kuchomwa tena, kufungwa kwenye nyasi na kusafirishwa, kwa hiyo fundi anaandika siku ambayo haijafika. Mwaka 1902 viwanda viliandika tarehe 26 Juni, siku ya kutawazwa Edward VII. Siku mbili kabla, mfalme akafanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Alivishwa taji tarehe 9 Agosti. Vyombo vingi vya sherehe ile vina tarehe ambayo hakuna kilichotokea, na ndivyo vya kawaida. Vyenye tarehe sahihi ndivyo vichache.

Mjukuu wake, Edward VIII, alizidi. Alirithi kiti Januari 1936, kutawazwa kukapangwa tarehe 12 Mei 1937, na viwanda vikachapa, vikachora, vikauza. Desemba 1936 aking'atuka ili amwoe Wallis Simpson, ghala zilikuwa zimejaa. Watu wengi huamini kwamba kikombe cha mfalme ambaye hakuvishwa taji lazima kiwe lulu ya thamani. Sivyo. Vilikwisha kutengenezwa kwa wingi, na watu wakavinunua zaidi kwa sababu ya kisa chenyewe. Mdogo wake, George VI, alitawazwa siku ileile, kwa hiyo viwanda vilibadilisha sura na jina, tarehe ikabaki.

Mbunifu Eric Ravilious alikuwa amekitengenezea kiwanda cha Wedgwood kikombe cha Edward chenye nembo ya kifalme na fataki zikipasuka angani, mistari ikichapwa na rangi zikiwekwa kwa brashi. Mchoro ukarekebishwa kwa ajili ya George. Ravilious alipotea kwenye ndege ya kivita karibu na Iceland mwaka 1942, na mwaka 1953 fataki zake zikawashwa tena kwa ajili ya Elizabeth II, aliyekuwa malkia akiwa Kenya, karibu na Nyeri, usiku baba yake alipofariki Februari 1952. Mchoro mmoja, wafalme watatu, na mchoraji alimwahi mmoja tu akitawazwa.

Makosa ya mkono hutokea mara moja, kwenye chombo kimoja. Mashine inapokosea inakosea kwa maelfu: jubilei ya Elizabeth mwaka 2022, vyombo 10,800 vilivyoagizwa kutoka China vilifika neno "Jubilee" likiwa limeandikwa "Jubbly", vyote sawasawa.

Kuna njia moja zaidi ambayo sijaitaja, nayo ndiyo iliyofika kwetu. Unakata kipande cha sifongo umbo la ua au nyota, unakichovya kwenye rangi, unakigonga kwenye chombo, tena na tena. Ilikuwa njia rahisi ya kupamba vyombo vya watu wa kawaida, Scotland, Staffordshire, na Maastricht huko Uholanzi. Mabakuli ya namna hiyo, pamoja na yale yaliyochorwa maua makubwa kwa brashi, yalisafirishwa hadi pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 19, na wachimbaji wa mambo ya kale wanaviokota vigae vyake Unguja. Ufundi huohuo ulifufuliwa Stoke-on-Trent na kiwanda cha Emma Bridgewater kuanzia mwaka 1985, na vikombe vyake vya harusi, jubilei na kutawazwa kwa Charles III mwaka 2023 vilinunuliwa sana.

Ukilipata bakuli la namna hiyo kwenye duka la vitu vya kale Lamu, lizungushe polepole mkononi ufuate ile safu ya maua chini ya mdomo. Yanakwenda kwa nafasi sawa, moja, la pili, la tatu, mpaka unakaribia ulipoanzia. Hapo utaona mahali ambapo nafasi haikutosha, na ua la mwisho limebanwa, nusu yake imepanda juu ya la kwanza.